Aliniita Mtoto wa Jirani

“Usikate, Tausi. Nipe dakika moja tu.”

Namba ilikuwa ngeni, lakini sauti niliijua kabla hajamaliza kulitamka jina langu. Nilikuwa uwanjani Raskazone, saa kumi na moja jioni, kisahani mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, jasho linanichuruzika mpaka machoni.

“Nani mwenzangu?” nikauliza, makusudi.

“Unanijua.”

“Nawajua wengi. Taja jina.”

“Luqmani.”

Miaka tisa. Miaka tisa sijamsikia, na moyo wangu huu usio na akili ukaanza kudunda kama wa msichana wa shule.

“Namba yangu umeipata wapi?”

“Kwa Mwalimu Castory.”

Nikageuka kumtazama kocha wangu. Alikuwa kule pembeni kwenye kiti chake cha plastiki, ameinama, anajifanya anafunga kamba za viatu. Na miguuni kavaa ndala.

“Haya, sema shida yako.”

“Mama anakuita. Yuko nyumbani Mwera, anaumwa. Anasema ana neno na wewe, na hataki kufa nalo.”

“Mama yako hanijui, Luqmani. Wewe mwenyewe ulihakikisha.”

“Anakujua.”

“Mimi si mtoto wa jirani? Au ushasahau?”

Nikakata simu. Haikupita dakika, ujumbe ukaingia: “Sijasahau hata siku moja. Njoo kwa ajili yake, sio kwa ajili yangu. Ukitaka nisiwepo, siku hiyo nitaondoka nyumbani.”

Nikaukusanya mwili nikarusha kisahani. Kikaenda kombo, kikagonga ukuta wa shule.

“Leo basi,” Mwalimu Castory akasema, hanitazami usoni.

Ngoja niwaeleze mnijue. Naitwa Tausi binti Mwinyijuma, mzaliwa wa Makorora, hapa hapa Tanga. Urefu wangu ni mita moja na sentimita ishirini na nne. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila mtu huanza nalo, bora nilimalize mwenyewe tuendelee na mengine. Nimerusha kisahani miaka kumi na moja. Nimevaa jezi ya taifa, nimefika Paralimpiki. Na kabla ya hayo yote nilimpenda mpima viwanja mmoja, akanikana mbele ya watu.

Mwaka 2014 nilikuwa na miaka ishirini na miwili, namsaidia baba yangu, fundi cherehani, kutia vifungo na kukunja pindo. Siku moja mbuzi wa mtu alikuwa anakula kitambaa cha mteja pale nje. Nikachukua kifuniko cha sufuria nikamrushia. Mbuzi kakimbia, yuko ng'ambo ya barabara, kifuniko kikamfuata huko huko kikampata ubavuni.

Mara mwanamume wa makamo akasimama mlangoni petu.

“Nani aliyerusha hiki?”

“Mimi. Shikamoo. Mbuzi ni wako?”

“Marahaba. Mbuzi simjui. Rusha tena.”

Ndiye Mwalimu Castory huyo, mtu wa Lushoto, Mluteri, mwalimu wa michezo. Baba alidhani ana wazimu. Mwalimu akakaa, akanywa kahawa, akaeleza kwamba duniani kuna mashindano ya watu wenye ulemavu, na watu wafupi wana kundi lao, wanarusha tufe na kisahani. Baba akaniuliza, “Unataka?” Nikasema nataka. Sikujua nataka nini. Nilijua tu kwamba kwa mara ya kwanza mtu mzima alikuwa amenitazama mikono badala ya kunitazama kimo.

Kisahani changu cha kwanza alikichonga seremala wa mtaani kwa mti wa mninga. Uwanja ulikuwa ule wa shule, Raskazone, penye upepo. Tepu ya kupimia hatukuwa nayo, nikawa napima kwa hatua.

“Thelathini na tisa!” nilipiga kelele siku moja. “Mwalimu, thelathini na tisa leo!”

“Dada,” sauti ikasema nyuma yangu, “hizo hatua zako ni hatua za nani?”

Nikageuka. Kijana mrefu, kofia ya jua, vigingi kwapani. Walikuwa wanapima kiwanja cha jirani na shule.

“Hatua zangu.”

“Na mwenye miguu mirefu akihesabu?”

“Atapata chache. Ndiyo maana nahesabu mwenyewe.”

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha akaja na tepu yake ya kazi, akaivuta toka kwenye duara mpaka kisahani kilipoanguka. Mita kumi na saba na nusu. Nikaona dunia imenidhulumu.

“Usinune,” akasema. “Jumamosi nitakuja tena kupima. Itakuwa kumi na nane.”

Jumamosi akaja. Ikawa kumi na saba na robo. Akaandika kwenye daftari lake la kazi, “Kumi na nane kasoro bahati.” Jumamosi iliyofuata akaja tena.

Nitawaambia kilichonifanya nimpende. Watu wakitaka kuzungumza nami huinama, kama wanatafuta kitu kilichoanguka. Luqmani hakuinama hata siku moja. Alikuwa anakaa chini kwanza, kwenye majani, anajinyoosha miguu, ndipo anaongea. Tukawa macho kwa macho. Hakuwahi kuniambia kwa nini anafanya vile, nami sikumuuliza.

Tukimaliza mazoezi tulitembea mpaka ufukweni kula mihogo ya kuchoma. Yeye mwenyeji wa Mwera, Pangani, amepanga chumba barabara ya kumi na mbili. Baba yake alishafariki, kabaki na mama, Bi Samiha, aliyemlea kwa kuuza maandazi.

“Mama yako mkali?” nikamuuliza siku moja.

“Mama yangu hasemi sana. Ndiyo ukali wenyewe.”

“Ukimwambia habari zangu atasemaje?”

Akaitazama bahari. “Nitamwambia.”

“Lini?”

“Tausi, mihogo inapoa.”

Siku hizo nilikuwa sisikii kitu zaidi ya sauti yake. Nikikumbuka leo, naona kila kitu. Naona kwamba miaka miwili ile tulikuwa wapenzi wa uwanjani na ufukweni, penye watu wachache. Hakupita na mimi Makorora hata mara moja. Kila mara alikuwa na haraka, au ana kazi Muheza, au jua kali. Lakini niwe mkweli, ilikuwa miaka mitamu. Nikipita Raskazone leo, ule upepo wa jioni ukinipiga, nasikia tepu ile inavyojikunja yenyewe na kulia krrrr, nasikia anavyopaza sauti, “Ishirini na moja na nusu! Tausi, ishirini na moja na nusu!” kama ni yeye aliyerusha.

Mwaka 2016 yakaja mashindano ya mkoa, pale uwanja wa Mkwakwani. Atakayefanya vizuri anaingia kambi ya taifa Dar es Salaam. Asubuhi ile Luqmani akanitumia ujumbe: “Leo mama yupo Tanga. Anakuja uwanjani.”

Nikamjibu: “Nivae nini?”

“Utavaa jezi, Tausi,” akajibu, na kikatuni cha kucheka. Nikajua siku yangu imefika.

Nilimwona Bi Samiha tangu mbali, mama wa baibui, mwembamba, kashika mkoba kifuani kwa mikono miwili. Luqmani pembeni yake pamoja na wapima wenzake wanne au watano wa ofisini. Nikaenda mbio mbio, nimejawa na furaha, nimeshapanga maneno.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.” Akanitazama, akamtazama mwanawe. “Luqmani, nani huyu?”

Mpima mmoja, bado namkumbuka, alikuwa na tabasamu mdomoni, anangoja. Luqmani akamwona. Akasema haraka haraka, kama mtu anayeondoa nzi:

“Huyu? Mtoto wa jirani tu, mama. Pale ninapopanga.”

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa na mkono wangu umeshanyooka nusu, nataka kumpa mama yule. Nikaurudisha.

“Haya, mwanangu,” Bi Samiha akasema taratibu, “nenda kacheze.”

Nikaenda nikacheza. Mara ya kwanza nikakanyaga mstari, bendera nyekundu. Ya pili, nyekundu. Mwalimu Castory akanifuata mpaka kwenye duara.

“Una nini wewe?”

“Sina kitu.”

“Unalia.”

“Ni jua.”

“Basi rusha ukiwa unalia. Hakuna sheria inayokataza.”

Ya tatu ikaenda mita kumi na tisa na sentimita kadhaa. Aibu tupu, ila washindani wa kundi langu mkoa mzima tulikuwa wawili, na mwenzangu kaumwa hakuja. Nikachaguliwa hivyo hivyo, kwa kukosa mpinzani. Ndivyo nilivyoanza safari yangu ya taifa, msije mkadhani nilianza kwa vigelegele.

Jioni simu ikaita mara kumi na moja. Ya kumi na mbili nikapokea.

“Tausi, nilishikwa na… wale wenzangu walikuwa pale, wana maneno sana wale…”

“Mama yako ameshaondoka?”

“Ameondoka na basi la saa nane.”

“Ulimfuata stendi ukamwambia ukweli?”

“Tausi, nisikilize…”

“Luqmani, nakuuliza.”

“Nitamwambia. Nipe muda.”

“Muda ninao. Lakini sio wako tena.”

Siku ya tatu nikaenda kambini Dar. Laini ya simu niliivunja kwa meno.

Kambini nilipangwa chumba kimoja na Bibiana, msichana wa Korogwe asiye na mkono wa kushoto, mrusha mkuki. Bibiana alikuwa na mdomo.

“Mwenzangu unarusha kama unamrushia mtu,” akaniambia wiki ya kwanza.

“Namrushia.”

“Mrefu au mfupi?”

“Mrefu.”

“Basi unarusha juu mno. Mshushe, mpige magotini, utaongeza mita mbili.”

Nikacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Na kweli nilikuwa narusha juu mno. Nikashusha, nikaongeza mita moja na nusu.

Hayakuwa maisha ya raha, msidanganywe na picha. Kuna mwaka tulifanya mazoezi hatujui kama safari ipo. Kuna safari ilikufa tukiwa tumeshafunga mabegi. Nilipofika mashindano yangu ya kwanza ya nje, Morocco, wakaniingiza chumbani kunipima kama natimiza masharti ya kundi la wafupi. Wakanipima kimo, wakapima na mkono, daktari anasoma, mwenzake anaandika. Mimi niliyepimwa kwa macho maisha yangu yote, leo napimwa kwa heshima, na mwisho wake naambiwa, “Karibu, unaruhusiwa.” Nilitoka pale nikamkumbatia Bibiana nikalia kwelikweli.

Nikapata shaba ya Afrika mwaka 2019. Mwaka 2021 nikakosa kwenda Tokyo kwa sentimita thelathini na moja. Mwaka huo nilirudi Tanga nikakaa kwenye cherehani miezi minne, sitaki kusikia neno kisahani, mpaka baba aliponiambia, “Tausi, unanishonea vibaya. Rudi kwenye kazi yako.”

Halafu Paris, Septemba 2024. Uwanja umejaa mpaka juu, watu wanapiga kelele kwa ajili ya watu kama mimi, hawatuhurumii, wanatushangilia. Wakataja jina langu, “Tausi Mwinyijuma, Tanzania,” wakalitamka ovyo, nikaliona zuri. Kisahani chenyewe kina uzito wa robo tatu ya kilo tu. Jioni ile kilikuwa chepesi kama kipande cha mkate. Mara ya tano kikatoka mkononi nikajua. Mita ishirini na sita na sentimita themanini na tatu. Sijawahi kurusha hivyo kabla wala baada. Nikawa wa sita duniani.

Nikampigia baba. Akalia, akapiga kelele mtaani, nikasikia Makorora nzima inaitikia. Nikampigia Bibiana, mwaka huo alikuwa ameshaacha, yuko kwake Korogwe. Akaniambia, “Umempiga magotini!” Kisha simu ikawa kimya mkononi mwangu, na nikagundua kidole changu kinatafuta namba iliyopotea na laini niliyoivunja kwa meno. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie kwa sauti kubwa, “Ishirini na sita themanini na tatu!” Nikaizima simu.

Nilirudi na nyonga imelika. Daktari akasema bado shindano moja au mawili, baada ya hapo nitaanza kutembea na fimbo. Nikaamua nitarusha mara ya mwisho nyumbani Tanga, mashindano ya mkoa, Mkwakwani, niwaage watu wangu. Ndiyo mazoezi niliyokuwa nayafanya siku ile simu ilipolia.

“Kwa nini ulimpa namba?” nikamuuliza Mwalimu Castory tukitoka uwanjani.

“Kwa sababu alikuja kuniomba mara saba katika miaka tisa. Mara sita nilimfukuza.”

“Na hii ya saba?”

“Hii ya saba hakuomba kwa ajili yake.”

Jumapili nikaenda. Basi mpaka Pangani, nikavuka kivuko, bodaboda mpaka Mwera. Luqmani alikuwa amesimama nje ya nyumba. Mvi zimemwingia pembeni ya masikio, mwili umejaza kidogo. Alipofungua mdomo nikainua kiganja.

“Mgonjwa kwanza.”

Bi Samiha alikuwa ameegemezwa mito kitandani, pumzi fupi fupi. Moyo umepanuka, madaktari wamesema.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kaa hapa karibu, macho yangu siku hizi yana ukungu.” Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akapapasa sugu za vidole. “Ndio uliorusha huko Ulaya?”

“Ndio, mama.”

“Nilikusikia redioni. Nikamwambia Luqmani, mkwe wangu huyo.”

Nikamrekebishia mto mgongoni.

“Siku ile Mkwakwani,” akaendelea, “usidhani nilikuwa sijui. Watu wa Tanga walishaniambia, mwanao ana mchumba, hivi na hivi, na wanapendana. Nilipanda gari kuja kukuona wewe. Kwenye mkoba nilikuwa na kanga doti mbili za kukupa. Nikamuuliza nani huyu, ili aseme mwenyewe. Akasema alivyosema.”

“Mama, yameshapita.”

“Hayajapita, ndiyo maana nimekuita. Yeye alikukana, hilo ni lake, atalijibu. Lakini mimi nilijua ni uongo, nikanyamaza. Nikakwambia nenda kacheze, kama mtoto. Nilikuona ulivyourudisha mkono wako. Hilo ni langu.”

Akapumzika. Maji nikampa, akanywa kidogo.

“Nilikuwa na dada yangu, tumbo moja, Mwanakombo. Alikuwa kimo chako. Wageni wakija, baba anamfungia jikoni. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kufunga mlango. Kafa na miaka thelathini, hakuna picha yake hata moja. Luqmani kakulia kwenye nyumba ambayo habari za Mwanakombo husemwa kwa kunong'ona. Nilimfundisha aibu bila kufungua mdomo. Nisamehe, mwanangu.”

Nililia pale, kichwa changu kwenye mkono wake. Nikamwambia nimemsamehe, na nilimaanisha. Kumsamehe yeye ilikuwa rahisi.

Nje, Luqmani alikuwa amekaa chini, ukingoni mwa baraza. Nikabaki nimesimama.

“Umeoa?” nikaanza.

“Nilioa, Muheza. Tuliachana mwaka wa tatu. Aliniambia kila siku yuko na mtu ambaye hayupo.”

“Usinibebeshe ndoa yako.”

“Sikubebeshi. Umeuliza.”

“Nakuuliza la pili. Ulikuwa unaogopa nini siku ile?”

“Wale wenzangu wangecheka.”

“Walicheka?”

Akatikisa kichwa. “Yule mmoja aliyekuwa anatabasamu, unajua alitaka kusema nini? Alikuwa na dada yake ameolewa na mtu mfupi. Alikuwa anangoja nikutambulishe aniambie. Alikuja kunieleza baada ya miezi miwili, ushaondoka. Hakuna aliyetaka kucheka, Tausi. Mimi ndiye niliyejicheka mwenyewe.”

Nikasikia hasira na huruma zinapanda pamoja, sijui ipi iko mbele.

“Nilitazama Paris,” akasema. “Kwenye simu. Ilikuwa inakwama kwama. Nikasimama peke yangu chumbani nikapiga kelele…”

“Usiseme.”

“Mita ishirini na…”

“Luqmani, nimesema usiseme!”

Bodaboda wangu akapiga honi.

“Nije Mkwakwani?” akauliza.

“Uwanja ni wa watu wote.”

Mashindano yakafika. Sikutazama jukwaani. Nyonga inauma, nikarusha mita ishirini na mbili na kidogo, wa pili kati ya watano. Nilifurahi mno kuwa watano. Miaka tisa nyuma tulikuwa wawili, na mmoja mgonjwa. Msichana wa Mkinga mwenye miaka kumi na tisa ndiye aliyenishinda. Nikamshika mkono tukauinua pamoja, watu wakasimama.

Ndipo nikamwona anashuka ngazi. Akapita mbele ya watu wote, akaja mpaka kwenye nyasi, akakaa chini.

“Tausi, nataka kukuoa. Nilitakiwa kusema miaka tisa iliyopita, hapa hapa.”

“Wanakusikia,” nikamwambia.

“Wasikie.”

“Usinitolee tamasha. Hapa kila mtu anapiga makofi, hapa rahisi. Ukitaka kitu, nenda kwa baba yangu Makorora.”

Akaenda Ijumaa, baada ya swala. Nilikuwa ndani nyuma ya pazia, nasikia kila neno.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Wewe ndiye yule mpima?” Baba hakusimamisha hata cherehani.

“Ndiye mimi.”

“Nina swali. Uliposema ni mtoto wa jirani, ulikuwa unamsema jirani yupi? Mimi nilikuwa sikujui.”

“Nilisema uongo, mzee.”

“Uongo wa dakika moja. Mwanangu kaubeba miaka tisa.” Cherehani ikaendelea kidogo, ikasimama. “Sitaki maneno yako. Njoo kila Ijumaa. Hutaingia ndani. Utakaa hapo barazani, watu wakipita wakuone. Wakikuuliza, uwajibu.”

“Mpaka lini, mzee?”

“Mpaka Tausi atakapochoka au wewe utakapochoka. Tuone nani wa kwanza.”

Makorora mnaijua, watu mlango kwa mlango. Ijumaa ya kwanza tu habari ikazunguka. Wanawake wakawa wanapita na ndoo tupu, maji hawana haja nayo.

“We kaka, unamngoja nani hapo?”

“Namngoja Tausi.”

“Tausi yupi?”

“Tausi binti Mwinyijuma. Mrusha kisahani.”

“Una nini naye?”

“Naomba anikubali.”

“Na asipokubali?”

“Nitakuja Ijumaa ijayo.”

Wako waliomcheka, mara hii kwelikweli. Mmoja akamuuliza kama ataoa au atalea. Nikasikia Luqmani akijibu, sauti haikupanda wala kushuka, “Huyo unayemsema ni wa sita duniani. Wewe ni wa ngapi?” Mtaa ukalipuka kwa kicheko, na mwuliza swali akaondoka. Mimi nyuma ya pazia nikaziba mdomo kwa kanga.

Ijumaa ya nne nikampelekea kahawa, nikarudi ndani bila neno. Ya sita nikakaa naye, tukaongea habari za mama yake. Ya tisa ilinyesha mvua ya masika, maji yanaingia barazani, akabaki pale amelowa mpaka soksi.

“Ingia ndani,” nikamwambia.

“Baba yako kakataza.”

Baba akapaza sauti toka kwenye cherehani, “Mtamuua mtoto wa watu hapo! Ingia, wewe!”

Akaingia. Akasimama kwenye sakafu anadondosha maji, haji mbele wala harudi nyuma, kama mtu aliyesahau alichokuja kukitafuta. Nikampa taulo. Nikamtazama yule mtu mzima mwenye mvi, na nikamwona kijana wa vigingi kwapani, na nikaona pia kwamba yule kijana harudi tena, wala mimi yule wa hatua thelathini na tisa sirudi. Tuliobaki ni hawa wawili.

“Sitakuwa mke wa kufichwa,” nikamwambia. “Sokoni tunakwenda wote. Harusini tunakwenda wote. Hata msibani.”

“Wote.”

“Na nikiwa na hasira ya siku ile, itarudi tu, sitakuahidi haitarudi.”

“Ikirudi nitaipokea.”

Tulifunga ndoa mwezi uliofuata, Jumamosi asubuhi. Mwalimu Castory alivaa kanzu ya kuazima, ikawa fupi. Bibiana alitoka Korogwe akafika kabla ya wapishi. Bi Samiha aliletwa kwa gari toka Mwera, kalazwa kwenye kochi chumbani kwangu, pumzi fupi lakini macho yanacheka, anaamrisha wanawake namna ya kunipaka piko.

Wanaume walikuwa barazani na sheikh. Mlango ukagongwa, baba akaingia na mashahidi wawili. Alikuwa amejikaza uso.

“Mwanangu Tausi,” akasema, “Luqmani anakuomba. Nimekuja kukuuliza wewe mwenyewe. Unakubali nimuozeshe?”

Sikujibu upesi. Sikuwa na wasiwasi. Nilitaka tu kukaa kidogo ndani ya swali lile, kwa sababu niliwahi kuamini kwamba hakuna atakayekuja kuniuliza. Nikamtazama Bi Samiha. Nikamtazama Bibiana, anang'ata ukucha. Nje nikasikia mtu anakohoa, nikajua ni yeye.

“Tausi?” baba akaita.

“Nakubali, baba,” nikasema, kwa sauti ya kutosha kufika barazani.

Vigelegele vikaanza kabla baba hajaufikia mlango.